Maneno ya Kwetu Yaliyopewa Kazi ya Serikali

Mtu atokaye katikati ya mji wa Dar es Salaam akaifuata njia ya Kilwa kwenda kusini, hupita upande wa Kurasini, kisha hufika Mtoni, na mbele yake ni Mbagala. Jina la Mtoni halina fumbo. Mto Kizinga hupita hapo ukienda kumwaga maji yake katika mkono wa bahari ulio nyuma ya bandari, na hapo pana mtambo wa kusafisha maji ya mto huo, uliojengwa mwaka 1949 kwa ajili ya mji. Nchi yenyewe ni ya Wazaramo, ingawa leo wakaao humo wametoka pande zote za Tanzania.

Twapenda kuwaeleza walimu na mapadri wasomao kurasa hizi jinsi habari za bara letu chini ya utawala wa wageni zinavyoweza kusomwa katika maneno yasemwayo kila siku na watu wa sehemu hizi. Mara nyingi jambo hili hufundishwa kwa kuhesabu maneno ya kigeni: meza ni ya Wareno, shule ni ya Wadachi, baiskeli ni ya Waingereza. Hesabu hiyo si mbaya, walakini yafika nusu ya njia tu. Neno lililokuja na mgeni hujulikana kwa sura yake, na aliulizaye asili yake hupata jibu upesi. Alama iliyo kubwa zaidi imo katika maneno tuliyokuwa nayo kabla wageni hawajaja, ambayo waliyakuta, wakayapa kazi nyingine. Hayo hayana sura ya ugeni, na kwa sababu hiyo hudanganya. Mwalimu huyasikia kinywani mwa mzee, akadhani anaandika desturi ya mababu, kumbe anaandika amri ya serikali.

Tuyapitie kwanza yale ya kigeni, kwa kuwa hayatatuchelewesha. Wareno waliishika Mombasa kwa ngome yao tangu 1593 hata 1698, wakaacha bendera, leso, mvinyo, karata, na majina ya matunda kama nanasi. Waliacha pia neno padri, yaani baba, na neno gereza, ambalo asili yake kwao ni kanisa. Wapadri wetu watatuwia radhi tukisema kwamba cheo chao na nyumba ya wafungwa vilikuja katika jahazi moja. Mji wa Dar es Salaam haukuwako zamani za Wareno, na hata hivyo leo una mtaa wa Gerezani. Maneno husafiri mbali kuliko wenyewe. Wadachi, yaani Wajerumani, waliacha shule. Huko Unguja, ambako Waingereza ndio waliotawala, watu walisema skuli, na hata leo wasema hivyo. Basi mpaka wa serikali mbili za Ulaya waonekana katika neno analolisema mtoto akiaga nyumbani asubuhi. Tena waliacha hela. Kabla ya 1904 rupia ya nchi hii ilivunjwa kwa pesa 64. Mwaka ule serikali ikaagiza ivunjwe kwa heller 100. Sarafu hiyo ilikoma na utawala wao, shilingi ikaingia baada yake mwaka 1921, lakini mtu wa Mtoni asiyekuwa na kitu mfukoni bado husema hana hela.

Sasa tuje kwenye maneno yetu wenyewe.

Wakuu wa Ulaya walikutana Berlin tangu Novemba 1884 hata Februari 1885 kupatana jinsi ya kuligawa bara la Afrika, wala Mwafrika hata mmoja hakualikwa kuketi nao. Katika miezi ile ile Carl Peters alikuwa ameisha kupita Usagara, Uzigua na Ukami akikusanya alama za wakubwa wa nchi juu ya karatasi wasizoweza kuzisoma. Kampuni yake iliweka kituo Dar es Salaam mwaka 1887. Mwaka uliofuata ikakodi pwani yote kwa Sultani wa Unguja, watu wa pwani wakaasi chini ya Abushiri bin Salim na Bwana Heri, na Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Serikali ya Kaisari ilishika nchi yenyewe tarehe 1 Januari 1891, ikafanya Dar es Salaam kuwa makao yake. Ilikuwa na maofisa wachache mno, na nchi ilikuwa kubwa kuliko Ujerumani yenyewe. Ilihitaji watu wa kupeleka amri kijijini na kurudi na fedha. Watu hao walihitaji vyeo, na vyeo vilikuwako.

Jumbe alikuwa mkubwa wa miji ya Mrima. Hakupewa cheo na mtu wa mbali. Alikipata kwa ukoo na kwa karamu, na wenzake wakubwa ndio waliomkubali. Alikula ada zake katika harusi na mazishi, na katika biashara ya watu wa bara waliofika na pembe, naye alidaiwa ukarimu usiokwisha. Akida alikuwa mkuu wa vijana na wa vita. Liwali ndiye wali wa Sultani, aliyekaa mjini na kuhukumu kwa jina lake. Hivi vilikuwa vyeo vitatu vyenye asili tatu, wala kimoja hakikuwa ngazi ya kupandia kingine.

Serikali ya Kidachi ilivipanga kama ngazi. Liwali akawekwa katika miji mikubwa ya pwani, akida akapewa vijiji vingi, na kila kijiji kikapewa jumbe. Akida hakuwa tena mkuu wa vijana waliomjua. Mara nyingi alikuwa Mwarabu au Mswahili wa mji mwingine, ajuaye kuandika, aliyepelekwa kwa watu asiowajua wala wasiomjua. Jumbe naye akapelekwa bara, katika nchi ambazo neno lenyewe halikuwa limepata kusikika. Karamu ikaondoka, ukoo ukaondoka, jina likabaki. Mzee akisema, “Babu yangu alikuwa jumbe,” imetupasa kuuliza ni jumbe yupi, wa karamu au wa kodi.

Ushahidi wa cheo cha kale tunao katika kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichopigwa chapa Ujerumani mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa upande wa Bagamoyo. Mtoro alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na walioketi mbele yake walijitayarisha kuja kutawala huku. Alieleza habari za majumbe kama mtu aliyeziona. Mwaka 1904 alioa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka uliofuata alifunga safari arudi naye kwao, nao wakubwa wa Dar es Salaam hawakukubali mkewe ashuke bandarini. Mtoro akarudi Ulaya, akafia Berlin mwaka 1927. Twaitaja habari hii kwa sababu yaonyesha vema kuliko maelezo marefu jinsi mambo yalivyokuwa: lugha ya mtu yule ilitakiwa sana, na vyeo vya watu wake vilitakiwa sana, lakini yeye mwenyewe hakupewa nafasi ya kuingia na mkewe katika mji wa kwao.

Mwaka 1902 Gavana von Götzen aliagiza mashamba ya pamba yalimwe kwa shirika katika nchi zilizo nyuma ya Dar es Salaam na kusini yake. Shamba liliitwa la jumbe. Watu wake ndio waliolima, na akida ndiye aliyesimamia. Mapato yaligawiwa, na fungu la mlimaji likawa dogo hata wengine walikataa kulipokea. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa miche ya pamba, kisha wakamwendea akida wa Kibata. Ndivyo vilivyoanza vita vya Maji Maji. Vikaenea Uzaramo, Ungindo, Ungoni na kwingineko, na kwa vita na njaa iliyofuata walikufa watu ambao wanahistoria huwakadiria toka 75,000 hata 300,000. Kibasila, mkubwa mmojawapo wa Uzaramo aliyesimama katika vita hivyo, jina lake lipo leo juu ya shule ya sekondari wilayani Temeke. Tusipojua kwamba neno akida lilikuwa na kazi nyingine kabla ya hapo, tutasoma kwamba watu walimwasi mkubwa wao wa asili. Waliasi mtu aliyevikwa jina la mkubwa wao wa asili. Mambo haya mawili hayafanani.

Neno kodi nalo lina habari yake. Hata sasa mpangaji wa Mtoni hulitumia kwa malipo anayompa mwenye nyumba kila mwezi. Mwaka 1897 serikali iliamuru kodi ya nyumba, ikaanza kutozwa mwaka uliofuata, rupia chache kwa kila kibanda. Mtu aliyejijengea nyumba kwa miti ya msituni na makuti ya minazi yake alidaiwa kodi kana kwamba ni mpangaji. Nia ya serikali haikuwa fedha tu. Mtu asiyekuwa na rupia ilimlazimu kuuza mazao au kwenda kufanya kazi mashambani na katika njia ya reli, ambayo ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Boma pia lilikuwa letu. Lilikuwa uzio wa magogo na miiba uliozunguka kijiji ili adui asiingie. Kisha boma likawa nyumba ya yule aliyeingia. Na kipande, neno dogo lisilo na ubaya wowote, lilikuwa karatasi ya kuhesabia siku za kazi katika mashamba ya Wazungu. Katika nchi ya Kenya likawa cheti chenye alama za vidole, ambacho tangu 1919 wanaume Waafrika walilazimishwa kukichukua, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha chuma. Kikuyu na Mluo wa makamo yale ukimtajia kipande hakufikiri kipande cha mkate.

Hatusemi kwamba jambo hili lilikuwa la nchi hii peke yake. Huko Uganda, baada ya mapatano ya mwaka 1900, vyeo vya Buganda na majina ya migawanyo yake, saza na gombolola, vilipelekwa hata nchi za mashariki ambazo Kabaka hakuwa amezitawala, na Semei Kakungulu, Mganda, ndiye aliyewatangulia Waingereza huko Bukedi. Katika nchi ya Waigbo, Nigeria, Waingereza walitafuta machifu wasiokuwako, wakawaandikia hati za uchifu; mwaka 1929 wanawake kwa maelfu wakawaondokea machifu hao na mahakama zao, na wengi wakapigwa risasi. Palipokuwa na cheo kilichukuliwa. Pasipokuwa na cheo kilitengenezwa.

Uzaramo ilikuwa baina ya mambo hayo mawili. Wazaramo walikuwa na cheo cha pazi. Masimulizi yao humtaja Pazi Kilama, aliyeshuka kutoka pande za milima, akawasaidia Washomvi wa pwani kuwafukuza Wakamba, na Washomvi wakakubali kumpa ada. Lakini wakubwa wenye jina hilo walikuwa wengi, kila mmoja na watu wake, wala hapakuwa na mfalme mmoja wa Uzaramo yote. Waingereza waliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916. Sir Donald Cameron alipofika kuwa Gavana mwaka 1925 alitaka kila kabila litawaliwe na mtawala wake wa asili, na sheria ya 1926 ikaliweka neno hilo katika vitabu. Sehemu nyingi maakida wakaondolewa. Katika pwani mtawala wa namna hiyo hakupatikana, basi maliwali na majumbe wakaendelea, yaani vyeo vya ngazi ile ile ya Wadachi vikahesabiwa kuwa asili ya nchi. Zilikuwa zimepita siku chache kuliko umri wa mtu mmoja.

Hapa sisi wa misioni tuna sehemu yetu katika habari. Neno kabila ni la zamani, lakini kabla ya serikali na misioni lilikuwa na mipaka laini. Mtu aliweza kuwa Mluguru kwa babu, Mzaramo kwa mama, na Mswahili akiisha kuhamia mjini, kusilimu na kuvaa kanzu. Wala hakuona kwamba amesema mambo matatu yanayogombana. Misioni ilipoandika lugha ilibidi ichague matamko ya kijiji kimoja na kuyaacha ya jirani. Ilipochora ramani ya kazi yake ilibidi ichore mstari. Karani wa serikali naye alikuwa na nafasi moja tu katika daftari yake. Vitabu vile vilikuwa vya manufaa makubwa, na bila hivyo maneno mengi yangalipotea. Hata hivyo twaona vema kwamba mwalimu anayemwuliza mwanafunzi habari za kabila lake asimwulize jina tu, bali amwulize bibi yake mzaa mama alitoka wapi, na nyumbani husemwa lugha gani wakati wa msiba. Majibu huwa hayakai katika nafasi moja ya daftari.

Mji nao ulipangwa kwa maneno ya namna hii. Wadachi waligawa Dar es Salaam kwa amri za ujenzi, Waingereza wakaendeleza, na watu wakaziita sehemu zake Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati ya nyumba za Wahindi na zile za Waafrika. Tuliangalie neno Uswahilini. Mswahili katika miji ya pwani lilikuwa jina la kujivunia, la mtu mwungwana ajuaye adabu na kusema. Kwa kupangwa katika safu ya tatu, likaja kumaanisha mahali pa nyumba zilizosongamana, pasipo mfereji wala taa; na hata leo watu husema Mtoni ni uswahilini, nao hawafikirii kanzu wala utenzi. Hatujui neno jingine lililoshuka kiasi hicho bila kubadilishwa hata herufi moja.

Walakini wenyeji nao hawakukaa kimya. Waliyafanya maneno ya serikali kama serikali ilivyoyafanya ya kwao. Baada ya Waingereza kuuteka mji, jeshi la wapagazi, ambao kwa Kiingereza huitwa Carrier Corps, lilipiga kambi nyuma ya Mnazi Mmoja. Wapagazi wale walikufa kwa maelfu mengi, kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Watu waliliita jina la jeshi Kariakoo, wakajenga nyumba zao hapo na soko lao, na leo hakuna jina lenye sauti ya Dar es Salaam kuliko hilo. Nairobi pia ina Kariokor, kwa asili ile ile. Kule Temeke kuna Wailesi, palipokuwa na mitambo ya simu ya upepo. Lakini njia kuu ya mji, ambayo serikali ndiyo iliyoitia jina, imebadilishwa kila bendera ilipobadilishwa: Wadachi waliita njia ya mikakaya, Waingereza wakalifasiri jina hilo kuwa Acacia Avenue, baadaye ikawa ya Uhuru, na leo ni ya Samora, rais wa Msumbiji aliyefariki mwaka 1986. Jina la kibao hungoja amri. Jina la mdomoni halingoji.

Neno lililofanya kazi kubwa kuliko yote katika siasa lilikuwa Mwafrika. Mwaka 1929 watu wa Dar es Salaam walianzisha Chama cha Waafrika. Rais wake wa kwanza alikuwa mwalimu, Cecil Matola, na katibu wake Kleist Sykes, ambaye baba yake alikuja na jeshi la Wadachi kutoka kusini mwa Msumbiji. Tazama ni lini: miaka mitatu tu baada ya sheria ya makabila. Serikali ilimtaka kila mtu ajibu kwa jina la kabila lake, na hao wakajibu kwa jina la bara zima, jina walilolipata katika vitabu vya Wazungu. Chama hicho, kwa njia ya mageuzi, ndicho kilichokuwa TANU tarehe 7 Julai 1954, na Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1963 serikali mpya ilifuta vyeo vya machifu kwa sheria. Mwaka 1964 wakuu wa nchi huru za Afrika, walipokutana Cairo, wakakubali kuishika mipaka ile ile waliyoachiwa na wakoloni. Wengi wameliona hilo kuwa ajabu. Sisi twaona ni kazi ya namna ya Kariakoo: kitu cha mwingine kilichukuliwa, kikakaliwa. Kwamba nyumba hiyo ina nafasi ya kutosha kwa wote wakaao ndani yake ni swali ambalo bara bado linalijibu, na mahali pengine linalijibu kwa damu.

Limebaki neno diwani. Hilo nalo lilikuwa cheo cha wakubwa wa Mrima, sawa na jumbe, la watu wa ukoo na karamu. Leo Mtoni ni kata katika Manispaa ya Temeke, na diwani wake huchaguliwa kwa kura na wakaao hapo, Mzaramo na asiyekuwa Mzaramo, mwanamume na mwanamke. Jumbe amepotea katika kazi za serikali, akida amepotea, liwali amepotea. Diwani amebaki, naye ndiye peke yake katika wanne hao ambaye watu wenyewe humweka na kumwondoa.

Na katika njia ile ya Kilwa pana kituo kiitwacho Mtoni kwa Aziz Ali. Aziz Ali alikuwa mjenzi Mwafrika mwenye mali, aliyekaa hapo zamani za Waingereza. Mwanawe Dossa Aziz alikuwa mmoja wa waliokutana kuiasisi TANU mwaka 1954, naye alitoa motokaa yake kwa safari za chama wakati chama hakikuwa na nauli. Hakuna gavana aliyepatia mahali hapo jina hilo, wala halikuandikwa kwanza katika ramani. Watu walisema wanakwenda kwa Aziz Ali, maana nyumba yake ndiyo iliyojulikana, na makondakta wa magari ya Mbagala wangali wakiliita hivyo.